Mkonge Uliopitia Kaohsiung

Kontena linalopita Kolo juu ya lori, katika barabara kuu ya Dodoma na Babati, limeandikwa mlangoni kila kitu ambacho mtu wa nje anaruhusiwa kukijua. Herufi tatu za kwanza ni za mmiliki wake, ya nne kwa kawaida ni U, kisha tarakimu sita, halafu ya saba iliyotengwa ndani ya kiboksi. Hiyo ya saba hakuichagua mtu. Inatokana na hesabu ya zile alama kumi zilizotangulia, herufi na tarakimu, ili karani akikosea kuandika herufi moja, mfumo umkatalie. Kwenye komeo kuna lakiri ya chuma yenye namba yake. Kilichomo ndani kinajulikana kwa karatasi tu, na karatasi hiyo imejazwa na mwenye mzigo mwenyewe.

Julai 2006, makontena mawili yaliyotoka bandari ya Tanga yalifika Kaohsiung, Taiwan. Karatasi zilisema yamebeba nyuzi za mkonge na yanakwenda Ufilipino. Hapa kwetu hakuna ambaye angeshtuka, maana Tanga na mkonge vimekuwa pamoja tangu enzi za Wajerumani. Walioshtuka ni maofisa wa forodha wa Taiwan. Mzigo ulikuwa umepitia Malaysia, kisha ukapanda kaskazini hadi kwao, ili baadaye ushuke tena kusini kwenda Ufilipino. Nani analipia safari ya kuzunguka hivyo kwa bidhaa ya bei ndogo kama nyuzi? Isitoshe, Ufilipino wenyewe huuza nyuzi za abaka duniani kote. Kuwapelekea mkonge ni kupeleka karafuu Pemba. Makontena yalipofunguliwa, mlikuwa na zaidi ya tani 5 za meno ya tembo.

Kilichowakamatisha wenye mzigo ni ramani na bei, na wala halikuwa swali gumu. Angeweza kuliuliza ofisa yeyote wa Tanga, kama kazi yake ingekuwa kuliuliza. Lakini forodha, hapa na karibu kila mahali, imejengwa kuangalia kinachoingia, kwa sababu kinachoingia ndicho kinacholipa ushuru. Mzigo unaotoka huleta fedha za kigeni, mwenye nao hupigiwa makofi, na kumchelewesha ni kumkosesha meli. Miaka mitatu baadaye, Machi 2009, udhaifu ulikuwa uleule: zaidi ya tani 6 za meno ya tembo zilikamatwa Haiphong, Vietnam, ndani ya shehena iliyotoka Tanzania kwa jina la plastiki chakavu.

Wamarekani ndio walioanza kudai kwa nguvu mzigo ukaguliwe unakotoka, ingawa hofu yao ilikuwa silaha na si wanyamapori. Januari 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, forodha yao ilianzisha mpango wa kuweka maofisa wake katika bandari za nchi nyingine. Kampuni za meli zikatakiwa kutuma orodha ya shehena saa 24 kabla kontena halijapakiwa kwenye meli inayokwenda Marekani. Durban iliingia katika mpango huo, na Salalah ya Oman pia. Dar es Salaam na Mombasa hazikuingia.

Mwaka 2007 Bunge la Marekani likaenda mbali zaidi: sheria ikataka kila kontena linaloingia nchini humo lipigwe picha kwenye bandari linakotoka, mwisho mwaka 2012. Salalah ikawa miongoni mwa bandari za majaribio, na hapo ndipo sheria ilipogonga mwamba. Salalah ni bandari ya kubadilishia meli. Kontena hushushwa kutoka meli moja, hukaa yadi, hupakiwa nyingine, bila kupita geti lolote. Skana utaiweka wapi? Tarehe ya mwisho imeahirishwa mara kadhaa.

Hata kontena likipita kwenye skana, mashine ina mipaka yake. Mionzi hupenya chuma na kurudisha kivuli: palipo na kitu kizito panakuwa peusi, palipo na kitu chepesi panang'aa. Skana bora hutuma mionzi ya nguvu mbili tofauti, ndipo zinapoweza kutenganisha vitu vya asili kama nafaka na mbao na vitu vya metali. Waliofunga shehena iliyokamatwa bandari ya Malindi, Unguja, Novemba 2013, huenda walilijua hilo. Karibu tani 3 za meno ya tembo zilikuwa zimechanganywa na makombe ya baharini. Jino la tembo limejaa kalsiamu, na kombe nalo ni kalsiamu. Kivuli juu ya kivuli. Miaka miwili kabla, katika bandari hiyohiyo, meno zaidi ya 1,000 yaliyokuwa yakielekea Malaysia yalikuwa yamefichwa ndani ya magunia ya dagaa wakavu. Hapo anayesumbuliwa ni mwenye pua.

Mawaziri hukata utepe mbele ya skana mpya. Sijamwona anayekata utepe mbele ya karani anayesoma orodha ya shehena, na kazi kubwa iko kwa huyo karani. Ndiyo maana mpango ninaouona wa maana zaidi kwetu ni ule ulioanzishwa mwaka 2004 na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu pamoja na Shirika la Forodha Duniani. Haukuanza kwa kununua mashine. Ulianza kwa kuwaweka watu wa forodha, polisi na bandari katika chumba kimoja, kuwafundisha kuchambua karatasi, na kuwapa njia salama ya kuandikiana na wenzao wa bandari nyingine. Vitengo vya namna hiyo vimeundwa Mombasa na Dar es Salaam pia.

Maswali yao mtu yeyote wa biashara angeyaelewa. Kampuni inayosafirisha imesajiliwa lini, na imewahi kuuza nini? Nauli inalingana na thamani ya mzigo? Uzito ulioandikwa unalingana na ujazo wa bidhaa hiyo? Mbona jina la mpokeaji limebadilishwa meli ikiwa tayari baharini? Hili la mwisho ndilo hila kongwe: hati ya shehena hutolewa upya kwenye bandari ya katikati, na anayepokea mwisho wa safari anaona mzigo uliotoka Malaysia, si Tanzania. Kujua ulikotoka, lazima aliyeko huku amwambie aliyeko kule.

Hata baada ya kukamatwa, mzigo una la kusema. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walipima vinasaba vya meno yaliyokamatwa bandari mbalimbali. Mwaka 2015 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana ilitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kisha ujangili ukasogea kuelekea Ruaha na Rungwa, yaani kwenye uwanda huu wetu wa kati. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Mwaka 2018 timu hiyo ikachapisha jambo jingine: meno mawili ya tembo mmoja yalikutwa katika makontena tofauti, yaliyosafirishwa kwa nyakati tofauti kutoka bandari ileile. Kwa kuunganisha jozi hizo walibaini mitandao mitatu mikubwa, yenye vituo Mombasa, Entebbe na Lomé. Jozi hizo zisingepatikana kama nchi zilizokamata zingekataa kutoa vipande vya meno vipimwe.

Inabaki lakiri. Kontena hufungwa pale linapojazwa, mara nyingi kwenye ghala la mwenye mzigo au yadi ya bara, mbali na bahari. Anayeikagua bandarini huangalia namba kama inalingana na ya kwenye karatasi, na kama haijakatwa. Lakini mlango unaweza kufunguliwa kwa kung'oa ribiti za komeo na kuzirudisha, lakiri ikiwa nzima. Mkaguzi mzuri huanza na ribiti: rangi yake ikiwa mpya kuliko ya mlango, anaita wenzake.