Hongera, Wasoma Mifupa

Hapa Mpuguso, kwetu Wanyakyusa, mvua inayonenepesha migomba na chai ndiyo hiyo hiyo inayoozesha mifupa. Joto na unyevu huvunjavunja vinasaba vilivyomo ndani yake, kwa hiyo anayevitafuta katika nchi zetu ana subira ya ajabu. Nawavulia kofia mafundi hao.

Huvaa suti, barakoa na glavu, vinasaba vyao wenyewe visije vikachanganyika na vya marehemu, kisha hutoboa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani na kuchukua unga kidogo tu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya vinasaba vya wawindaji sita walioishi ndani ya miaka 18,000 iliyopita, akiwemo mmoja wa Mlambalasi, Iringa. Kumbe wawindaji wale walibeba asili ya mashariki, kusini na kati ya Afrika! Mababu walitembea mbali na kuoana, kabla vizazi vya baadaye havijaanza kutulia karibu na kwao.

Wazee wa Kinyakyusa husimulia kuwa watawala wao walishuka kutoka Ukinga. Hizo ni habari za karne chache. Unga wa mfupa huanzia pale simulizi inapoishiwa pumzi. Ila mfupa ukishatobolewa haurudi ulivyokuwa, ndiyo maana fundi mwema huomba ruhusa kwanza.