Hongera, Mafundi wa Risasi

Polisi wa akiba wa Eldas, kaunti ya Wajir, hulinda watu, mifugo na visima kwenye jua kali. Shabaha yao huanzia mbali, mikononi mwa wapima baruti kama mafundi wa kiwanda cha serikali cha Kenya Ordnance Factories, Eldoret, kilichoundwa 1997.

Kazi hii haitaki pupa. Baruti ikizidi kidogo katika ganda hili la risasi na kupungua katika lile, kasi hutofautiana na risasi hutawanyika. Joto nalo huharakisha kuungua kwa baruti na kupandisha shinikizo, kwa hiyo risasi iliyojaribiwa kwenye ubaridi wa Eldoret yaweza kupiga mahali pengine ikifyatuliwa Eldas.

Hongereni, mafundi. Usahihi wenu humkinga asiye na hatia.