Neno "Kufuru" na Matumizi Yake

Msomaji mpenzi, ni mara ngapi umeambiwa, "Usikufuru!"? Mtoto akimwaga wali uliobaki, mama yake humwonya hivyo. Mkulima akinung'unikia mvua, jirani humkatiza kwa neno lilo hilo. Na tajiri akitawanya fedha nyingi katika arusi ya siku moja, watu husema, "Amefanya kufuru!"

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na maana ya shina lake ni kufunika. Hata mkulima afukiaye mbegu udongoni aliweza kuitwa kwa jina la shina hilo. Kisha likawa neno la mtu aufunikaye wema aliotendewa, yaani asiye na shukrani. Na zaidi ya hayo, la mtu amkanaye au amtukanaye Mwenyezi Mungu. Waislamu hulitumia, na Biblia ya Kiswahili hulitumia pia.

Tukilipima kwa maana hiyo, mama na jirani wamelitumia sawasawa, kwa kuwa wamekemea utovu wa shukrani. Lakini wanaomtaja tajiri wa arusi, wengi wao humsifu. Hapo lawama imegeuzwa kuwa sifa, na neno limepungua uzito.

Liko kosa lililo baya zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyefiwa na mdogo wake, aliuliza darasani kwa nini Mungu huwachukua watoto akawaacha wazee. Wenziwe wakapaza sauti, "Anakufuru!" Akaketi, wala hakuuliza tena swali muhula mzima. Nami, naungama kwa haya, sikumtetea.

Laiti ningaliwakumbusha habari za Ayubu katika Biblia! Yeye alipoteza mali, watoto na afya, akamhoji Mungu kwa maneno makali. Rafiki zake walimlaumu, wakidhani wanamtetea Mungu. Lakini mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kumwuliza Mungu kwa uchungu, basi, si kumtukana. Aulizaye angali anatumaini kujibiwa.

Kwa hiyo, msomaji, litunze neno hili. Usilifanye pambo la kusifia anasa, wala rungu la kumnyamazishia mwenye huzuni. Kabla hujasema kwamba mwenzio amekufuru, tazama kwanza kama amefunika wema aliotendewa, au amefunua tu maumivu yake.