Milimita za Fundi wa Alaimenti

Gari likishushwa, jicho la kwanza huenda kwenye pengo lililo kati ya tairi na fenda. Pengo likibaki la vidole viwili, wapenzi wa Subaru jijini Nairobi watasimama kulitazama, watalipiga picha, watauliza springi ni za kampuni gani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ni nani aliyelifanyia alaimenti, yaani aliyeyanyoosha magurudumu yake, na jambo hilo linaniuma. Kushusha gari ni kazi ya mchana mmoja kwa kijana yeyote mwenye jeki, spana na nguvu za mikono. Kulirudishia mwendo ulionyooka gari lililoshushwa ni kazi ya mtu aliyekaa miaka mingi akisoma matairi ya watu. Nataka kumsifu huyo wa pili.

Niitumie Subaru Impreza, maana ndiyo inayoshushwa sana na ndiyo ninayoifahamu. Impreza zilizotengenezwa tangu 1992 hadi kizazi kile kilichokoma 2007 zimesimama juu ya nguzo nne, moja kila pembe. Ndani ya kila nguzo mna shokapu na springi pamoja, na chini yake imefungwa habu ya gurudumu. Muundo huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940. Ni muundo rahisi, imara, usiochukua nafasi kubwa. Lakini kila kitu ndani yake kimeshikana na kingine. Kichwa cha nguzo kimefungwa kwenye bodi. Chini kuna mkono unaoizuia isitoke nje. Kando yake, kwa nguzo za mbele, kuna tairodi inayotoka kwenye reki ya usukani. Mkono una mzunguko wake, tairodi ina wake, na nguzo hupanda na kushuka kwa njia yake.

Shusha bodi milimita 40 tu, na ncha za mikono hiyo, ukizipima kutoka kwenye bodi, zitakuwa zimepanda. Kwa kuwa tairodi na mkono wa chini havina urefu mmoja wala havianzii mahali pamoja, havipandi sawasawa. Kimoja kinakivuta kingine. Hapo gurudumu lililokuwa likitazama mbele litaanza kutazama ndani au nje, kutegemea gari lenyewe, ilhali hakuna mtu aliyegusa nati hata moja ya tairodi. Vijana wengi husema, "Mimi nilibadilisha springi tu." Ni kweli walibadilisha springi tu. Gari ndilo lililobadilisha yaliyobaki.

Kosa hutupiwa kemba, yaani ule mlalo wa gurudumu kichwa kikiingia ndani, kwa sababu kemba inaonekana. Mtu akisimama nyuma ya gari lililoshushwa huona matairi yamelala, na tairi likiisha upande wa ndani anasema ni kule kulala. Mara nyingine ni kweli, hasa mlalo ukizidi mno. Lakini mlalo wa digrii moja, au hata moja na nusu, tairi huuvumilia muda mrefu, na kwenye kona husaidia, maana gari likiinama, tairi la nje hukaa sawasawa juu ya lami. Mlaji mkubwa wa tairi ni tou, ule mwelekeo wa magurudumu mawili, kama yamefungana mbele au yamefunguka, na tou huwezi kuiona kwa macho.

Tuseme magurudumu ya mbele yamefungana milimita 3, yaani nafasi iliyo kati yake kwa mbele ni pungufu kwa milimita 3 kuliko kwa nyuma. Kila gurudumu, basi, limegeuka milimita moja na nusu. Kwa tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, hilo lina maana kwamba kila gari likienda kilomita moja mbele, tairi linataka kwenda mita mbili na nusu kando. Haliwezi kwenda, kwa sababu la upande wa pili linataka kwenda kinyume chake kwa nguvu zilezile. Kwa hiyo yanavutana, na kinacholipa ni mpira. Toka Nairobi hadi Mombasa, kama kilomita 480, na kila tairi la mbele litakuwa limeshindana na lami, kwa kwenda kando, kilomita moja na mita 200. Hapo hujarudi. Dereva kwenye usukani hakusikia kitu, kwa sababu matairi yote mawili yalikuwa yakisukumana sawa na gari lilikwenda limenyooka kabisa.

Mkono wa fundi, lakini, husikia. Hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko popote. Gari likiwa bado juu ya jeki, kabla ya mashine yoyote kuwashwa, fundi wa kweli hukiweka kiganja chake juu ya uso wa tairi na kukipitisha polepole kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Tou ikiwa mbovu, upande mmoja kiganja kitateleza na upande mwingine kitakwaruzwa, kwa sababu kingo za mifereji zimechongwa kama meno ya msumeno. Tairi lililokosewa na kemba halifanyi hivyo. Hilo huwa laini pande zote, ila bega moja limeisha. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Mabega yote mawili yakiisha, upepo ulipungua. Likiwa na mashimo mashimo ya kupanda na kushuka kuzunguka duara lote, shokapu zimekwisha, na alaimenti haitalisaidia mpaka zibadilishwe. Ni maelfu ya kilomita yaliyoandikwa kwenye mpira, na mtu anayasoma kwa ngozi ya mkono.

Nimewahi kumtazama fundi wa makamo, kwenye gereji ya shimo isiyo mbali na Barabara ya Kirinyaga, akiipokea Impreza iliyoshushwa asubuhi hiyohiyo. Mwenye gari alikuwa na haraka. "Mzee, nipimie tu tou, niende," alimwambia. Fundi hakugombana naye. "Kijana wangu, nikikupimia sasa nitakuwa nimepima uongo. Ngoja kwanza nifungue bushi." Akaingia shimoni.

Jambo la bushi watu wengi hawalijui, na linanifanya niwaheshimu mafundi wa aina yake. Bushi ya mpira kwenye mkono wa chini imegandana na chuma cha ndani na cha nje. Haizunguki, hujipinda kila mkono unapopanda na kushuka, kisha hujirudisha. Gari likishushwa huku bolti za mikono zimekazwa kama zilivyokazwa kiwandani, mpira unabaki umejikunja mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Unalisukuma gari juu kidogo, unaharibu kipimo, na mwishowe unachanika kabla ya wakati wake. Dawa yake ni kulegeza bolti, kulishusha gari likanyage kwa uzito wake wote, kulitikisa pembe kwa pembe mpaka litulie, ndipo kuzikaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Hakuna mashine itakayomwambia fundi afanye hivyo. Mashine itaonyesha namba hadi sehemu ya mia ya digrii, na namba zile zitakuwa sahihi kwa gari ambalo halitakuwa hivyo mwezi ujao.

Vilevile mashine haijui kwamba boljointi inacheza au kwamba tairodi endi imelegea. Kwa hiyo fundi huyo alilishika kila gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia, akisikiliza. Akapima upepo. Akaangalia kama springi za kulia na za kushoto zimekaa kwa urefu mmoja. Kuna watu hukata springi kwa greinda ili kuokoa pesa, na springi iliyokatwa, licha ya kuwa fupi, huwa ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia inaweza hata kuchomoka mahali pake. Gari la namna hiyo sidhani fundi yeyote angepaswa kulifanyia alaimenti. Alirudishe tu kwa mwenyewe.

Kisha kazi yenyewe ikaanza, na ilianzia nyuma. Wengi hulipa kwa alaimenti ya mbele peke yake, nami naona hiyo ni kutupa pesa, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa kwenda wapi. Kwenye Impreza hiyo tou ya nyuma hurekebishwa kwa bolti yenye kichwa kisicho katikati. Ukiizungusha, mkono unasogea. Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani, kwa hiyo gari lililoshushwa sana huhitaji bolti za kununua. Mbele ni tofauti. Kati ya bolti mbili zinazoifunga nguzo kwenye habu, ile ya juu ina umbo hilohilo lisilo katikati, nayo ndiyo huweka kemba. Halafu, mwisho kabisa, tou ya mbele kwa tairodi, maana chochote utakachogusa kabla yake kitaibadilisha.

Fundi huyo alipima kwa uzi. Alisimamisha nyuzi mbili, moja kila upande wa gari, akazivuta zikaenda sambamba na mstari wa katikati wa gari, huku akikumbuka kwamba upana wa magurudumu ya mbele na wa nyuma si lazima ulingane. Kisha akapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo tou. Kwa kemba alitundika timazi mbele ya rimu: kwa rimu ya sentimita 40, digrii moja ni milimita 7 kati ya juu na chini. Timu za mashindano bado hutumia uzi namna hiyohiyo, kwa sababu uzi uliovutwa vizuri hauharibiki wala hauhitaji umeme.

Impreza ina historia na nchi hii. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ndani ya Impreza iliyoinuliwa kwa ajili ya mawe na matope, na leo gari lilelile linashushwa kwa ajili ya lami ya Thika Road. Sioni ubaya. Barabara zimebadilika, na anayependa gari ana haki ya kulitaka likae apendavyo. Ila matuta yapo, mashimo yapo, na springi mpya hukaa chini zaidi baada ya wiki kadhaa. Fundi alimwambia kijana arudi akishatembea, apimiwe tena, na akaongeza kwamba alaimenti zote mbili hazifikii bei ya tairi moja jipya.

Kisha akaliendesha mwenyewe, kijana akiwa kando yake. Barabara zetu huinama kidogo kuelekea ukingoni ili maji yaende, kwa hiyo gari linaloendeshwa kushoto huvutwa kidogo kushoto hata likiwa zima. Fundi asiyelijua hilo huhangaika kutibu ugonjwa usiokuwepo. Huyu alilijua. Aliachilia usukani akiwa upande wa kushoto wa barabara, kisha, njia ikiwa tupu, akauachilia akiwa upande wa kulia. Mvuto ulikuwa wa barabara. Lakini usukani wenyewe ulikuwa umekaa upande kidogo, ingawa matairi yalikuwa sawa. Waliporudi aliingia tena shimoni, akalegeza nati za tairodi, akairefusha moja robo mzunguko na kuifupisha ya pili robo mzunguko, ili tou isiguswe, akazishika kwa spana zisizunguke wakati wa kukaza, akatoka na kulipeleka gari barabarani mara ya pili.