Ukuta wa Meru Ambao Arusha Hauoni

Ukisimama kwenye Mnara wa Saa jijini Arusha ukautazama Mlima Meru, unachokiona ni mgongo wake: msitu, mwamba, kisha kilele kilichochongoka. Upande wa pili haufanani na huu hata kidogo. Yapata miaka 7,800 iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikatapakaa hadi mbali kuelekea Kilimanjaro, na katika mashimo yaliyoachwa na maporomoko hayo ndimo yalimo leo maziwa ya Momella. Mlimani ikabaki kreta iliyo wazi kama herufi U iliyolazwa, mdomo ukielekea mashariki, na ndani yake ukuta wa mwamba unaopanda karibu mita 1,500. Ni moja ya kuta ndefu za mwamba barani Afrika. Hata hivyo, magari mengi ya watalii yanayotoka Arusha alfajiri hushika njia ya Ngorongoro, yakaenda kupangana kwenye kreta ambayo kila mtu ana picha yake.

Picha ninayoichambua niliipiga mwezi wa Januari karibu na kambi ya Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Inaonyesha ukuta mzima, na chini yake ile koni ya majivu iliyoota ndani ya kreta. Watu wanaoiona huuliza kamera gani. Mimi ningeuliza mpiga picha alilala wapi.

Sababu ni hii. Ukuta unatazama mashariki, kwa hiyo mwanga wake ni wa asubuhi peke yake. Baada ya adhuhuri jua linapita nyuma ya kilele, ukuta unakuwa mweusi mtupu chini ya anga nyeupe, na hakuna mpangilio wa kamera utakaouponya. Tena mara nyingi mawingu hupanda kutoka msituni kabla ya saa sita. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta: jua likichomoza hupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa, na ule wekundu wa mwanzo hudumu dakika chache tu. Anayetoka mjini asubuhi hiyohiyo atapita Usa River, lango la Ngongongare, kisha Momella, ambako ni lazima achukue askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Akifika penye ukuta, mwanga umeshakuwa mkali na bapa. Aliyelala Miriakamba anatoka nje ya mlango tu.

Mwezi wa mwaka nao una kazi yake, na hapa ndipo wengi hawafanyi hesabu. Kutoka Miriakamba, kilele kiko magharibi ukielekea kidogo kusini. Julai jua huchomoza kaskazini ya mashariki, yaani mgongoni mwa mpiga picha kabisa; ukuta unang'aa lakini hauna vivuli, na mwamba usio na vivuli hauna kina. Januari jua huchomoza kusini ya mashariki, likapiga kutoka kushoto, nyuma ya bega. Kila ufa na kila bonde la ukuta likapata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kichujio cha polaraiza nilikiacha kwenye begi. Hicho hufanya kazi vizuri jua likiwa pembeni kabisa, nyuzi 90 na upande unakotazama. Jua likikaribia kuwa nyuma yako kinakunyima mwanga bila malipo.

Lenzi pana ndiyo inayotamanisha mahali kama hapa, na ndiyo inayoharibu. Inauingiza mlima wote, ni kweli, lakini inausukuma nyuma mpaka ukuta wa mita 1,500 unaonekana kilima cha kawaida. Ukiiinua juu kidogo, miti ya pembeni inalala kama walevi. Nilitumia milimita 70, kamera ikiwa wima juu ya tripodi, nikapiga fremu zinazopishana kwa theluthi moja kutoka kushoto kwenda kulia, haraka, kwa sababu wingu halingoji. Kutoka pale kilele kiko kama kilomita 5, na ukuta unachukua takriban nyuzi 22 kwenda juu. Fremu wima ya milimita 70 inauchukua na kubakiza anga kidogo. Kuunganisha kukafanyika nyumbani kwenye kompyuta.

Mwanga niliupima kwa mkono ili fremu zote zilingane. Mwamba wa Meru ni lava na majivu, rangi yake kijivu cha kukolea. Kamera ikiachiwa ijiamulie, itaudhani ukuta ni giza, iuangaze, na anga ifutike. Nilipunguza theluthi mbili za stopu, nikahifadhi faili ghafi, nikaacha vivuli viinuliwe baadaye. Upenyo ulikuwa f/8.

Tatizo lililobaki ni ukubwa. Mtu aliye umbali ule haonekani, hivyo hawezi kuwa kipimo. Mitarakwa ya mbele inasaidia kiasi, lakini kipimo halisi ni ile koni: ina mita 3,667, na kilele kilicho juu yake kina 4,562. Mtazamaji akishaelewa kwamba kile kinachoonekana kichuguu ni mlima, ukuta unamtisha wenyewe.

Wapo watakaosema picha ya Meru ni ya Rhino Point, kule juu ya kambi ya Saddle, ambako unaitazama koni ikiwa chini yako na Kilimanjaro ng'ambo. Mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Agosti jua huchomoza karibu na Kilimanjaro yenyewe, na Mei ni mvua, kwa hiyo tunabaki na Agosti. Ni picha nzuri. Ila ukiwa pale umesimama juu ya ukingo, na ukuta mkuu unauona kwa ubavu tu.

Droni iache nyumbani, hairuhusiwi hifadhini bila kibali maalumu. Na kama bajeti yako inatosha ama lenzi mpya ama usiku mmoja Miriakamba pamoja na askari na wapagazi, lipia usiku huo, uende Januari au Februari.