King'ora Kilichonyamazishwa Dakika 48

Kila tukirudi kwenye ajali ya Costa Concordia, mazungumzo huishia mahali pawili: mwamba wa Le Scole, na nahodha aliyetia mguu nchi kavu ilhali abiria wake wangali melini. Picha mmeziona, sina haja ya kuzisimulia tena. Mimi naona tumeshika kichwa na mkia wa kisa hiki tukaliacha tumbo lake. Kosa lililogharimu roho za watu 32 usiku wa tarehe 13 Januari 2012 lilifanyika katikati, darajani, meli ilipokuwa imekwisha kugonga na kabla mtu yeyote hajashuka. Francesco Schettino alijua chombo chake kinajaa maji, akaamua kutopiga king'ora. Uamuzi ule haukuwa na utetezi wowote wa kibaharia usiku ule, na hauna hata leo.

Kugonga kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Meli ya tani zaidi ya 114,000, yenye watu 4,229, ilitoka Civitavecchia jioni, ikaacha njia yake ili ipite karibu na kisiwa cha Giglio kutoa salamu. Mwendo ulikuwa karibu noti 16, usiku, kandokando ya miamba. Saa 3:45 ubavu wa kushoto ulichanwa kwa urefu wa zaidi ya mita 50. Wapo wanaopenda kumtupia lawama mshika usukani, Mwindonesia aliyeielewa vibaya amri moja ya mwisho, lakini kuchelewa kwake kulihesabiwa kwa sekunde, na meli ilikuwa imekwisha kufika pabaya. Aliyeifikisha pale anajulikana.

Sasa tuitazame saa, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Dakika chache baada ya kugonga, umeme ulikatika. Maji yalikuwa yameingia vyumba vya injini na kuufikia ubao mkuu wa umeme. Jenereta ya dharura iliwaka, ikazimika. Meli ikabaki inaelea kwa mwendo iliokuwa nao, bila injini na bila usukani unaotii. Mafundi wa chini walipiga simu darajani wakisema wanachokiona kwa macho yao, na kabla dakika 20 hazijapita nahodha alikuwa na habari kwamba vyumba vitatu vinavyopakana vimeingiliwa na maji. Meli ile ilijengwa istahimili kujaa kwa vyumba viwili vya jirani. Cha tatu kikishajaa, hakuna pampu wala maneno ya kuinusuru. Kilichobaki ni kujua itachukua muda gani. Kwa jumla vyumba vitano viliingiliwa.

Na abiria waliambiwa nini? Waliambiwa kuna hitilafu ya umeme, mafundi wanashughulika, watulie. Mmeiona ile video ya mhudumu akiwasihi watu waliokwisha kuvaa jaketi za kujiokolea warudi vyumbani. Simlaumu yule dada, alikuwa anakariri alichopewa. Vyumbani! Kwenye korido zenye giza, chini ya sitaha za mashua, ndani ya meli inayolala ubavu. Kama kuna agizo la hatari zaidi la kumpa abiria katika hali ile, mimi silijui.

Abiria mmoja akampigia simu ndugu yake. Ndugu yule akawapigia polisi wa Prato, mji ulio bara, mbali na bahari. Polisi wa Prato wakawatafuta walinzi wa pwani, na saa nne ikiwa imekwisha kupita ndipo walinzi wa pwani wakaipigia meli kuuliza kulikoni. Wakajibiwa kwamba umeme tu umekatika. Habari ya chombo kuvuja ilitoka baharini, ikazunguka bara, ikarudi baharini, kwa sababu watu waliokuwa wamesimama mbele ya redio hawakutaka kuitamka. Saa 4:26 wakakiri kuna maji, wakaomba tagi. Saa 4:33 ndipo ile milio saba mifupi na mmoja mrefu ikasikika. Amri ya kuihama meli ikatoka saa 4:54. Wakati huo, darajani, afisa mmoja alikwisha kuripoti kwamba abiria wameanza kujipakia mashuani wenyewe, na nahodha akaitikia tu.

Dakika 48 kutoka mwamba hadi king'ora. Dakika 69 hadi amri ya kuihama.

Watetezi wake husema nahodha hawezi kuihamisha meli yenye watu zaidi ya elfu nne kwa pupa. Nakubali, na hoja hiyo haihusiani na shitaka langu. Kupiga king'ora cha dharura si kuihama meli. Kinawaita watu vituoni, wanavaa jaketi, wanahesabiwa, wanasimama karibu na mashua zao, basi. Ikionekana hatari imepita, unawatangazia warudi kwenye chakula chao, na hasara yako ni saa moja ya starehe na manung'uniko. Hatua ile inarudishika. Kutowakusanya hakurudishiki, kwa sababu kila dakika unayowaacha vyumbani na mikahawani, meli inazidi kulala na njia za kuwatoa zinazidi kuwa ngumu. Nahodha hakuwa anachagua kati ya kukaa na kuondoka. Alikuwa anachagua kati ya kuwa na watu wake mahali panapojulikana na kuwa nao kila mahali gizani.

Na hapa hesabu ya mwinamo ni ya lazima. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka mashua zishushwe ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama, lakini dakika hizo zinahesabiwa watu wakiwa wamekwisha kusanyika na kuvaa jaketi. Mitambo ya kushushia nayo inatakiwa ifanye kazi hadi mwinamo wa digrii 20. Ukipita hapo, mashua za upande ulioinuka hukwaruza ubavu wa meli au hazishuki kabisa, na za upande ulioinama hujitenga na sitaha hata abiria hawezi kuzifikia kwa usalama. Nusu saa ile ya kwanza, meli ikiwa bado imesimama karibu wima, ndiyo iliyokuwa mali pekee iliyobaki. Ikatumika kumngoja nahodha akubali alichokwisha kuambiwa. Waliofika upande wa kushoto walikuta mashua haziendi, wakaelekezwa kuvuka kwenda kulia kupitia korido ambazo, kwa meli kulala, zilikuwa zinageuka kuwa visima. Baadhi ya waliokufa walikufia humo.

Kuna kitu kimoja kilichowaokoa wengi, nacho si maarifa ya mtu. Upepo wa kaskazini-mashariki uliisukuma meli iliyokufa injini, ukairudisha kwenye kina kifupi cha Giglio, ikakwama karibu na ufuko. Schettino alidai baadaye kwamba ni yeye aliyeielekeza pale. Kwa meli isiyo na injini, yenye usukani uliokwama? Ingeendelea kuelea kuelekea kina kirefu, leo tungekuwa tunazungumzia maelfu.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni kwamba alihofia taharuki. Hii nimeisikia kwa miaka, kuhusu kila chombo, kwa kila lugha. Taa zimezimika, sahani zimemwagika, sakafu imeinama, na bado kuna mtu anaamini hofu itatokana na tangazo! Watu waliokuwa mezani walijua ndani ya dakika tano kwamba hilo si tatizo la umeme. Ukimya uliwaongezea kitu kibaya kuliko hofu: kutomwamini yeyote mwenye sare, hata wale wapishi na wasafishaji ambao usiku ule ndio walioshika kamba na kushusha mashua.

Waitalia hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1956 nahodha Piero Calamai aliipoteza meli yake Andrea Doria baada ya kugongana na meli ya Stockholm kwenye ukungu wa Atlantiki. Meli ililala haraka, mashua zote za upande mmoja zikawa hazifai. Calamai naye alisita kuwatangazia abiria, kwa kuwa nusu ya mashua zake hazikuwepo tena kwa hesabu. Lakini wito wa SOS aliutoa ndani ya kama dakika kumi, akasema wazi kwamba anahitaji mashua, na Île de France ikageuza omo ikaja. Waliokufa ndani ya Andrea Doria ni 46, karibu wote palepale ubavu ulipopasuliwa. Wengine zaidi ya 1,600 waliokoka. Yeye mwenyewe alitaka kubaki, na maafisa wake wakakataa kuondoka bila yeye. Watu wa aina hiyo ndio waliolifanya neno nahodha liwe na uzito.

Au mchukue nahodha Wabeke wa Prinsendam, Oktoba 1980, Ghuba ya Alaska. Moto ulianza chumba cha injini usiku wa manane. Alfajiri haijapambazuka vizuri, abiria walikuwa mashuani. Meli ile ilielea karibu wiki nzima baadaye kabla ya kuzama, na hakuna mtu mwenye akili aliyesema Wabeke aliharakisha. Watu wote, zaidi ya 500, walipona.

Mfano unaoniuma zaidi uko kwenye bahari yetu wenyewe. Wiki sita tu baada ya Giglio, tarehe 27 Februari 2012, Costa Allegra ya kampuni ileile ilishika moto kwenye chumba cha jenereta, ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli. King'ora kilipigwa, watu wakakusanyika vituoni, moto ukazimwa. Hakuna aliyeumia. Watu zaidi ya 1,000 walikaa siku tatu bila umeme, wakala vyakula baridi, wakalala sitahani kwa joto, hadi meli ya Kifaransa ya uvuvi wa jodari ilipowavuta hadi Mahé. Walilalamika sana, na walikuwa na haki. Lakini walilalamika wakiwa hai, wote.

Kinyume chake ni Oceanos, pwani ya Afrika Kusini, Agosti 1991. Huko nako maji yalivamia chumba cha injini, umeme ukakatika, king'ora hakikupigwa, na nahodha Yiannis Avranas akapanda helikopta ilhali abiria wanangoja. Mpiga gitaa wa meli, Moss Hills, na wenzake ndio waliosimamia uokoaji, wakaita msaada kwa redio. Wote 571 waliokoka. Wamiliki wa meli duniani walikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kujifunza kutoka kwa mpiga gitaa yule.

Wasomaji wa safu hii wanajua nitakwenda wapi sasa, na nitakwenda. Zoezi la kukusanyika. Karibu abiria 700 walipandia Civitavecchia usiku ule, na hawakuwa wamefanya zoezi lolote, kwa sababu kanuni iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Baada ya ajali kanuni ikabadilishwa: kuanzia 2015, zoezi kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Ilikuwa hatua njema. Kisha likaja janga la Uviko-19, na kampuni kadhaa zikaanza kumruhusu abiria atazame video ya usalama kwenye simu yake, apite kituoni kwa wakati wake, aandikishwe, aende zake. Nimelipinga hili tangu lilipoanza na nitaendelea kulipinga. Abiria anatakiwa asikie king'ora kwa masikio yake, atembee na umati uleule atakaotembea nao usiku wa shari, na aone ngazi zinavyojaa. Baharia naye anatakiwa aone umati ule. Video haimfundishi yeyote kati yao jambo hilo.

Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa chombo kilikwenda mrama kwa nahodha mmoja, kwa sababu walioizunguka meza yake walijua na wakanyamaza. Daraja lilikuwa limejaa maafisa wenye vyeti. Yeyote kati yao angeweza kukibonyeza kile kitufe. Ndiyo maana nataka king'ora cha kukusanyika kiondolewe mikononi mwa mtu mmoja: chumba cha tatu kikiripotiwa kuwa na maji, kipigwe na afisa yeyote wa zamu, bila kuomba ruhusa, na ibaki kwa nahodha kuamua juu ya kuihama meli.

De Falco, afisa wa walinzi wa pwani wa Livorno, alifanya kazi yake vizuri kwenye simu ile ya saa 7:46 usiku ya kumwamuru Schettino arudi melini, na watu wa Giglio walifungua nyumba na kanisa kwa maelfu ya watu waliolowa. Lakini simu ile ndiyo iliyotupotosha. Ilitupa sauti kali ya kukumbuka, tukaikumbuka, tukasahau simu za saa nne usiku ambazo darajani zilijibiwa kwa uongo wa utulivu.

Hata mahakama, kwa jicho langu, iligawa vibaya. Mwaka 2015 Schettino alihukumiwa miaka 16 na mwezi mmoja: 10 kwa kuua bila kukusudia, 5 kwa kusababisha ajali ya meli, 1 kwa kuwaacha abiria. Ule mwezi mmoja ulikuwa kwa kuwapa wenye mamlaka habari za uongo.