Mtabiri Hupimwa Katikati ya Msimamo

Kila mwaka, wiki mbili tatu kabla ya Ligi Kuu ya Tanzania kuanza, vijiwe vya kahawa vya Ujiji na mabanda ya kuonyeshea mpira ya Mwanga, hapa Kigoma, hujaa watabiri. Mmoja ana karatasi mfukoni, mwingine ana orodha kwenye simu, wa tatu ana mdomo tu. Wote watakutajia bingwa na watakaoshuka bila kumeza mate. Maneno haya ni kwa ajili ya yule anayesikiliza, kikombe mkononi, akijiuliza ni yupi kati yao anayeijua kazi yake na ni yupi anayepiga kelele za ushabiki.

Ukipewa orodha ya timu 16, funika kwanza nafasi mbili za juu kwa kiganja. Tangu Mtibwa Sugar walipochukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, ni Azam peke yao, msimu wa 2013/14, waliowahi kuupora ubingwa kutoka kwa Simba na Yanga. Simba walibeba mataji manne mfululizo kuanzia 2017/18, Yanga wakajibu kwa manne kuanzia 2021/22. Anayetaja bingwa, basi, anachagua kati ya wawili, na mara nyingi amechagua kwa rangi ya jezi aliyovaa. Mvuvi wa Kibirizi akikwambia kwamba kwenye mbalamwezi dagaa watakuwa adimu, hajatabiri kitu. Taa za mtumbwi hazishindani na mwezi mpevu, na kila mtoto aliyekulia mwaloni analijua hilo. Muulize usiku wa giza ataelekeza wapi mtumbwi wake, hapo ndipo utamjua.

Giza la Ligi Kuu liko kuanzia nafasi ya tano hadi ya kumi na nne. Tazama msimu wa 2023/24. Yanga walimaliza na pointi 80. Azam na Simba wakafungana kwa pointi 69 kila mmoja, Azam wakawa wa pili kwa tofauti ya mabao. Wa nne walikuwa Coastal Union, na pointi zao zilikuwa 43. Hebu ipige hesabu hiyo polepole: Wagosi wa Kaya hao walikuwa nyuma ya wa tatu kwa pointi 26. Kwenye karatasi ni jirani wa Simba, lakini kwa pointi walikuwa karibu zaidi na timu zilizokuwa zikihesabu vidole zisishuke. Chini yao, kuanzia wa tano hadi katikati kabisa ya msimamo, mechi moja au mbili zilitosha kumpandisha mtu au kumporomosha nafasi kadhaa.

Ndiyo maana mtabiri stadi haishii kuandika nafasi. Anaandika pointi, tena kwa kiwango cha chini na cha juu. Tuseme umekuta kwenye daftari la mtu, kuhusu timu yetu ya hapa Kigoma: "Mashujaa, nafasi ya 8." Si vibaya, ila ni maneno matupu. Sasa tuseme kwenye daftari la mwenzake umekuta: "Mashujaa, pointi 32 hadi 38, nafasi ya 6 hadi ya 11. Nyumbani wagumu, ugenini sare ndiyo sherehe. Mshambuliaji akiumia kabla ya dirisha dogo, washusheni." Huyu wa pili amekupa vitu vitatu vya kumbana navyo: idadi, sababu, na jambo litakalomfanya abadili mawazo. Msimu ukiisha hana pa kujificha. Wa kwanza, hata akipatia, hutajua amepatiaje.

Twende kwenye kipimo, maana bila kipimo kila mtu atadai alisema. Njia rahisi haihitaji zaidi ya kalamu. Kwa kila timu, chukua nafasi uliyoiweka na nafasi iliyomaliza, toa ndogo kwenye kubwa. Uliweka Namungo wa 9, wakamaliza wa 12, kosa lako ni 3. Jumlisha makosa ya timu zote 16. Aliyepatia kila kitu ana sifuri, na huyo bado hajazaliwa. Aliyepindua msimamo wote juu chini, bingwa wake akawa wa mwisho na wa mwisho wake bingwa, anapata 128. Na mtu asiyejua mpira kabisa, aliyeandika majina kwenye vikaratasi akavichanganya kwenye kofia na kuvitoa kimoja kimoja, kwa wastani atapata 85. Hiyo 85 ikae kichwani. Nimeona wachambuzi wenye sauti nzito ambao kofia ingewafukuzia kwa karibu.

Ila kuishinda kofia si sifa. Mpinzani wa kweli ni mtu mvivu: anachukua msimamo wa msimu uliopita kama ulivyo, anafuta walioshuka, anaweka waliopanda nafasi ya 15 na ya 16, anarudi kunywa kahawa. Mvivu huyu ni hatari kuliko anavyoonekana. Nafasi tatu za juu za 2024 zilikuwa Yanga, Azam, Simba. Za 2025 zikawa Yanga, Simba, Azam. Mvivu hapo amekosea 2 tu, na hajatumia hata dakika. Kabla hujamvulia mtu kofia, linganisha jumla yake na jumla ya mvivu kwa msimu uleule. Akizidiwa, uchambuzi wake wote wa mifumo na viungo wakabaji ulikuwa burudani. Burudani ina mahali pake, ila tusiiite utabiri.

Mvivu anapigwa wapi? Anapigwa na mabadiliko asiyoyaona, na katika ligi yetu mabadiliko mengine hufika hadi kwenye jina. Ihefu ya Mbarali, ile iliyokata mwendo wa Yanga wa mechi 49 bila kupoteza mnamo Novemba 2022, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Iliyokuwa Singida Fountain Gate ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati. Kitayosce ilipopanda 2023 iligeuka Tabora United, na 2025 ikawa TRA United. Mtu anayefuata majina tu atajikuta amempa mmoja historia ya mwingine. Fundi hufuata watu: nani ameondoka, kocha amekuja na nani, mfadhili ni yuleyule au la, uwanja wa nyumbani uko wapi sasa. Singida Black Stars walimaliza wa nne msimu wao wa kwanza kwa jina hilo, na fedha za usajili wao zilikuwa zinaonekana tangu Julai kwa aliyekuwa anatazama. Tabora United ni mtihani mgumu zaidi: 2024 walinusurika kwenye mchujo dhidi ya Biashara United, mwaka uliofuata wakamaliza wa tano. Kagera Sugar nao, waliokuwa katikati ya msimamo salama salimini, mwaka uleule wakashuka. Ukimkuta mtu aliyewaona wote wawili mapema, tena kwa sababu zilizoandikwa, mheshimu hata kama bingwa alimkosa.

Kuhusu timu zinazopanda, kuwa mkali kwa anayezizika zote pamoja. Mwaka 2024 walipanda KenGold na Pamba Jiji. KenGold ndio walioibeba Championship, wakafika Ligi Kuu wakaburuza mkia. Pamba, waliowafuata, wakabaki. Na Mashujaa wetu, waliopanda 2023 kwa mlango mwembamba wa mchujo dhidi ya Mbeya City, walimaliza msimu wao wa kwanza katika nafasi ya nane. Mtabiri mzuri atakueleza timu iliyopanda imebaki na wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza na imeongeza nani. Mbaya atakwambia "Ligi Kuu si mchezo."

Hapa Kigoma tuna somo moja ambalo watabiri wa Dar es Salaam hulikosa, nalo ni umbali. Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1914 ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini, na umbali huo haujapungua kwa sababu siku hizi kuna ndege. Timu ngeni inashuka Uwanja wa Lake Tanganyika ikiwa imelala njiani au imeamka alfajiri, na jukwaa halina huruma. Aprili 2024 Simba walikuja hapa kwenye Kombe la Shirikisho, dakika tisini zikaisha 1-1, Mashujaa wakawatoa kwa penalti 6-5. Waliowashangaa Mashujaa walikuwa wamesahau Desemba 2018, timu hiyohiyo, ikiwa daraja la chini, ilipowafunga Simba 3-2 hukohuko Dar es Salaam na kuwatoa kwenye kombe. Lakini umbali ni upanga wa makali mawili, na hapa hata watabiri wa nyumbani huteleza. Mgeni anakuja Kigoma mara moja kwa msimu. Mashujaa wanatoka mara 15, na karibu kila safari ni ndefu. Anayeongeza pointi za nyumbani bila kupunguza za ugenini amehesabu mfuko mmoja wa suruali.

Na mechi ya kombe isikuharibie hesabu. Siku moja ya penalti haisemi lolote kuhusu mechi 30.

Vijana wa kwenye simu wana utabiri wa aina yao: fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambamo unapewa milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja, na pointi za kapteni huzidishwa mara mbili. Wapo pia wanaocheza ligi za kikapu za kuigiza, ambako programu ndiyo inayochezesha mechi kwa kutumia takwimu za wachezaji. Ukiombwa kutathmini utabiri wa ligi kama hizo, usikae sana kwenye wachezaji. Orodha yao kila mtu anaiona. Angalia kama mtabiri amewasoma mameneja: nani husahau kupanga timu ikifika Desemba, nani hulipa pointi 4 kila wiki kwa usajili wa ziada, nani hawezi kumwacha kapteni anayempenda ingawa ana majeraha. Msimamo wa fantasi ni msimamo wa tabia.

Kikapu kina mfano wetu wenyewe wa namba inayolevya. Kwenye drafti ya NBA ya mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, akiwa wa pili kwa jumla. James Harden alikwenda wa tatu, Stephen Curry wa saba. Wataalamu waliolipwa vizuri walitazama urefu na mipira aliyokuwa akiizuia akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, wakaona uhakika, na uhakika ule haukutimia. Utabiri wenye namba moja kubwa mno na sababu moja tu, utilie shaka, hata ukitoka kwa wenye kompyuta.

Kompyuta zenyewe, kwa haki, hufanya jambo ambalo vijiwe vyetu havipendi: hutoa asilimia. Ile ya kampuni ya takwimu ya Opta huuchezesha msimu mara 10,000 na kuhesabu nani amemaliza wapi. Kabla ya msimu wa 2024/25 iliipa Manchester City zaidi ya asilimia 80 ya kutwaa ubingwa wa Uingereza, Liverpool karibu asilimia 5. Liverpool wakachukua. Kijiweni watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha haraka mno, maana asilimia 5 haikusema haiwezekani. Mashine ya namna hiyo hupimwa kwa misimu mingi: yale yote iliyoyapa asilimia 5, je, yametokea kama mara moja katika ishirini? Mtabiri wa kibinadamu naye ampe kila timu uzito wa uhakika wake. "Prisons nina shaka nao" ni taarifa yenye thamani, iandike pembeni.

Mkeka wa kampuni za kubashiri usiuchanganye na haya. Ule umepangwa ili mwenye duka apate chake kwanza.

Limebaki suala la upenzi, ambalo hapa kwetu ni Mashujaa. Wapo wanaowapandisha nafasi tatu kwa mapenzi, na wapo wanaowashusha tatu kwa makusudi, wakiogopa kuwatia mkosi. Wote wawili hupatikana kwa njia moja. Chukua orodha za mtu huyo za misimu yote aliyoandika, toa mstari wa Mashujaa, piga wastani wa makosa kwenye timu nyingine. Kisha weka kosa la Mashujaa peke yake kando, na uangalie linaelekea juu au chini. Akiwa anaikosea Dodoma Jiji kwa nafasi tatu huku na huku, lakini Mashujaa anaikosea kwa tano, tena daima upande mmoja, orodha yake bado inafaa. Wewe mwenyewe irekebishe kwenye mstari ule mmoja kabla ya kuitumia. Mkimpata Mkigoma ambaye anaikosea Mashujaa sawasawa na anavyoikosea Namungo, mkabidhini daftari la kijiwe, na chai iwe juu yenu.